Ushauri: siku tano za kutulia Amboise, Ufaransa, na mama mkwe na watoto. Au twende tu Paris?

MamaNasra

Wapendwa habari zenu. Naombeni ushauri, hasa kwa mnaoishi Ufaransa au mliowahi kutembea huko na familia.

Wifi yangu yuko Orléans, amejifungua mwezi wa tatu. Mume wangu kaamua likizo ya shule ya mwezi wa sita twende wote: yeye, mimi, watoto wawili (mkubwa 11, mdogo 5) na mama mkwe, ambaye mjukuu wake huyo anamjua kwa video ya simu tu. Kwa wifi tutakaa wiki. Lakini nyumba yenyewe vyumba viwili, na mtoto mchanga ndani, kwa hiyo tumekubaliana siku tano za mwisho tuwapishe tukapumzike kwingine.

Hapo ndipo mvutano ulipo. Baba Nasra anataka Paris siku zote tano. Ana ratiba kaiandika kwenye simu, asubuhi mpaka usiku, mnara, makumbusho, Disneyland, tena mnara wakati wa taa. Nikiisoma tu nachoka, na bado niko Tanga. Mama mkwe ana miaka 69 na magoti yanamsumbua: tambarare anatembea vizuri, ngazi ni mateso. Na nyama isiyochinjwa kihalali hali, hilo halina mjadala.

Wifi ndiye katuletea wazo la Amboise, mji mdogo kando ya mto Loire, mto ule ule unaopita kwao Orléans. Anasema treni ni moja, haibadilishwi.

Sasa nauliza: siku tano mji mdogo namna hiyo, watoto hawatachoka? Mama ataweza? Atakula nini? Na lile kasri la Chenonceau wanalolisifu, linafikika bila gari? Naombeni mniambie ukweli, sio matangazo ya watalii.

Mzee_wa_Fursa

Dada, ulipe nauli ya watu watano kutoka Tanga mpaka Ufaransa halafu ukakae kijijini? Kijiji si hata Korogwe kipo? Nenda Paris mpige picha na mnara mrudi zenu. Ukiulizwa "Amboise ni wapi" utaeleza mpaka lini?

Mto_na_Daraja

Mzee wa Fursa tuache kwanza, hapa wanaongea wenye wazazi.

MamaNasra, mimi naishi Tours, mji wa jirani kabisa, treni ni kama dakika 20. Amboise naijua, na wageni wangu wengi huwa nawapeleka huko. Wifi yako yuko sahihi kuhusu treni: ile inayotoka Paris Austerlitz inapita Orléans, Blois, Amboise, inaishia Tours. Kutoka Orléans ni kama saa moja.

Jambo ambalo vitabu vya watalii havisemi: stesheni iko ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini. Mji wenyewe uko kusini. Unavuka daraja, katikati kuna kisiwa kinaitwa Île d'Or, halafu daraja la pili ndipo uingie mjini. Mtu mzima bila mzigo ni robo saa hivi. Kwa mama, mabegi na mtoto wa miaka 5, weka oda ya teksi siku moja kabla. Usitegemee kuzikuta zimepanga foleni nje ya stesheni kama Paris, hazipo.

Kasri la mfalme liko juu ya jabali katikati ya mji. Kulipanda ni mteremko mrefu wa mawe, sio ngazi, lakini umesimama kiasi. Mama apande polepole asubuhi, jua halijachanganya. Akishafika juu ni bustani tambarare na mabenchi, na mto wote unauona chini yake. Na kuna kitu watoto watakipenda: ndani ya minara miwili mikubwa hakuna ngazi, kuna njia ya mzunguko inayopanda kama konokono, pana kiasi kwamba wapanda farasi na magari ya farasi yalikuwa yanapita humo mpaka juu. Ukutani kuna nakshi za vichwa vya watu, vingine vimenuna, vingine vinatoa ulimi. Mwanao mdogo mwambie avihesabu, utapata utulivu.

Halafu mwonyesheni huyo wa miaka 11 habari ya mfalme Charles VIII. Alizaliwa hapo hapo Amboise, akafia hapo mwaka 1498 akiwa na miaka 27. Vita vya Italia hakufia. Alikuwa anakwenda kutazama mchezo wa mpira wa mkono, akagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango mfupi, saa chache baadaye akafa. Mtoto wa rafiki yangu tangu asikie hivyo kila mlango aliinama.

Pwani_Kisauni

Niko Mombasa ila nimewahi kupita huko na familia. Watu watakwambia ukodi gari. Sawa, ila jua haya: mtoto chini ya miaka 10 kwa sheria ya Ufaransa lazima awe na kiti chake, kwa hiyo mdogo wako anahitaji. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi, chukueni ya kimataifa. Na barabara ni mkono wa kulia, mzee akizoea kushoto siku ya kwanza ni jasho.

Kwa siku tano za mapumziko mimi singekodi. Chenonceau iko kama kilomita 12 tu kutoka Amboise. Chukueni teksi ya kwenda na kurudi, au mwende Tours kwa treni kisha mpande treni nyingine ya kwenda Chenonceaux, inasimama karibu na geti. Teksi ni rahisi kwa mama.

Binti_Mkunazini

Assalaam aleykum. MamaNasra mimi niko London, Amboise nilikwenda na mamangu mzazi, naye magoti ni hayo hayo. Nikujibu la chakula, kwa sababu ndilo hasa.

Ule mkoa unasifika kwa kitu kiitwacho *rillettes*, nyama iliyochambuliwa laini ya kupaka mkateni. Wauzaji watakupa uonje kwa tabasamu. Ni nguruwe. Na *rillons* ni nguruwe. Vimkate vidogo vya moto viitwavyo *fouées* hivi ni vitamu kweli, vinatoka kwenye tanuri vimevimba, lakini uliza wanavijaza nini, omba vya jibini ya mbuzi au maharage, na hayo maharage uliza yamepikwa na nini. Kishi, zile pai za mayai, nyingi zina vipande vya nguruwe vilivyofichwa kwenye yai. Peremende za watoto zile za kuvutika, jelatini yake mara nyingi ni hiyo hiyo. Neno la kujifunza ni *sans porc*, bila nguruwe.

Baada ya kukutisha hivyo, nikutulize. Mama alikula vizuri kuliko sisi. Samaki, mayai, viazi, saladi, matunda ya mwezi wa sita: stroberi, cheri, aprikoti. Alikipenda kile kijibini cha mbuzi cha Sainte-Maure, kirefu, kimepakwa majivu nje kikawa cha kijivu, na katikati kimepitishwa bua la nafaka kutoka ncha hadi ncha. Nikichomoa lile bua nimtupie, yeye analipangusa na kulitazama, "wamelitia la nini?" Linasaidia kisivunjike. Nyama ya halali nunueni Orléans kabla ya kuondoka, kuna mabucha ya watu wa Maghreb, mwende nayo ikiwa imegandishwa. Au mwombe huyo ndugu wa Tours akuelekeze kwao.

Kwa hiyo msichukue hoteli. Chukueni nyumba yenye jiko, wanaita *gîte*. Mama mkwe akishapata jiko, likizo yake imeanza.

Na kuna jambo mimi sikulijua mpaka nilipofika. Kule kwenye bustani ya kasri kuna makaburi ya Waislamu. Amir Abdelkader wa Algeria, yule aliyepigana na Wafaransa miaka 15, alipojisalimisha mwaka 1847 aliahidiwa kuachwa aende Mashariki. Ahadi haikutimizwa. Walimfunga, na kuanzia 1848 hadi 1852 gereza lake lilikuwa kasri hilo la Amboise, pamoja na wanawake, watoto na wafuasi wake. Hawakuzoea ile baridi. Waliofariki wakazikwa pale pale bustanini. Mwaka 2005 msanii wa Algeria, Rachid Koraïchi, aliwawekea mawe 25 yenye majina yao, jiwe kutoka Aleppo, wameelekezwa Kibla. Mama alikaa kwenye benchi akawasomea Fatiha mmoja mmoja, na sisi tukamngoja. Baba Nasra akiuliza Amboise kuna nini, mwambie hilo.

Mto_na_Daraja

Binti Mkunazini umenikumbusha. Na huyo huyo Abdelkader, akiwa ameshahamia Damascus, mwaka 1860 aliwakinga Wakristo maelfu wasiuawe kwenye ghasia za pale. Ufaransa iliyomfunga ikamtunuku nishani. Historia ina vituko.

MwanaBukavu

Jambo mama. Mimi ni wa Bukavu, niko huku Blois, kazi yangu ni sokoni. Nikuambie habari ya siku, kwa sababu wageni wote inawashinda hapo.

Gulio la Amboise ni Ijumaa asubuhi na Jumapili asubuhi, kando ya mto. La Jumapili ndilo kubwa. Fika saa tatu, saa sita wanaanza kufunga, saa saba utakuta maboksi matupu. Jumapili mchana mji unalala. Jumatatu maduka mengi hayafungui, na ya kuuza mkate mengine pia. Sasa mtu anafika Jumapili jioni na watoto, friji tupu, anazunguka anatafuta mkate mpaka analia. Kwa hiyo nunua Jumapili asubuhi cha siku mbili.

Mkahawani chakula cha mchana ni saa sita mpaka saa nane. Ukiingia saa nane na nusu watakuambia jiko limefungwa, na hawatanii. Cha usiku ni kuanzia saa moja. Maji omba *carafe d'eau*, ni ya bomba, ni bure, wala usione aibu, ni haki yako. Mkate pia unakuja wenyewe.

Na ukiingia duka lolote, hata la kununua kiberiti, kwanza *bonjour*. Ukianza na "nataka" bila salamu watakujibu kwa ukali, halafu utasema ni ubaguzi. Hapo hamtapata shida, nyie watu wa Tanga kwa salamu mnafahamika.

Faili_na_Muhuri

Mnajadili jibini wakati viza hawajapata.

Dada, kwa kuwa wiki ya kwanza mnakaa kwa wifi, yeye aende manispaa ya anakoishi aombe hati rasmi ya kuwapokea wageni, *attestation d'accueil*. Inalipiwa stempu, ataombwa vithibitisho vya makazi na kipato, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Aanze mapema. Hati yenyewe halisi awatumie, na mje nayo mkononi, uwanja wa ndege wanaweza kuiuliza. Zile siku tano za Amboise haziko kwenye hati hiyo, ziwekee uthibitisho wa nyumba mliyopanga. Tarehe zishikane, usiache usiku unaoning'inia.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, lakini siku 15 ni kujitafutia presha. Ada ni euro 90 mtu mzima, euro 45 mtoto wa miaka 6 mpaka asiyefikisha 12, chini ya miaka 6 bure, ukiacha gharama za kituo cha maombi. Huyo wa miaka 11 angalia tarehe yake ya kuzaliwa. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja, na ya mama isome vizuri, baadhi zina kipengele cha umri na magonjwa ya zamani.

Mzee_wa_Fursa

Nimesoma habari ya Abdelkader, nakubali nimekaa chini. Lakini siku tano bado nyingi. Siku ya tatu watoto watakuwa wanahesabu bata mtoni.

Mto_na_Daraja

Wahesabu, kuna ubaya gani? Ila ngoja nimjibu MamaNasra kuhusu watoto.

Nusu kilomita kutoka kasri kuna Clos Lucé, nyumba aliyopewa Leonardo da Vinci na mfalme François I. Alihamia mwaka 1516, mzee tayari, na picha ya Mona Lisa akaja nayo kwenye mizigo yake. Alifia humo tarehe 2 Mei 1519. Ndani ya nyumba mama aangalie chumba cha chini, juu kuna ngazi. Lakini utamu uko bustanini. Wametengeneza mashine alizozichora, kwa ukubwa wake kamili, na mtoto anaruhusiwa kushika, kuzungusha, kupanda: kifaru cha vita cha mbao, gurudumu la maji, daraja. Hapo ni nusu siku, mkiweka na chakula chenu chini ya mti ni siku nzima.

Njiani kwenda huko, mtaa wa Victor Hugo, angalieni ukuta wa jabali upande mmoja: kuna milango na madirisha. Watu wanaishi ndani ya mwamba. Lile jiwe jeupe la huku ni laini, walilichimba kujengea makasri, mashimo yakabaki yakawa nyumba. Joto likipanda humo ni baridi tamu.

Siku nyingine nendeni Chanteloup, kilomita kama tatu nje ya mji. Kuna mnara wa kichina wa karne ya 18, mita 44, peke yake katikati ya nyasi, kasri lake lilishabomolewa. Kupanda ni ngazi tupu, huko Baba Nasra atamalizia hamu yake ya minara na binti mkubwa. Mama abaki chini, kuna ziwa na mashua ndogo za makasia, na michezo ya mbao ya zamani.

Onyo moja: Loire inaonekana ya upole, ina visiwa vya mchanga katikati, mtu anatamani kuingia. Msiogelee. Mchanga ule unahama na chini kuna mikondo, watu wanakufa. Watoto wakitaka maji, bwawa la kuogelea liko Île d'Or.

Pwani_Kisauni

Hapo kwa nyumba nikuongezee: kwenye tangazo tafuta neno *rez-de-chaussée*, yaani chumba na choo viwe chini. Nyumba za zamani za mjini ni nyembamba, unakuta jiko chini, choo ghorofa ya pili, na ngazi zinajipinda. Picha hazionyeshi. Uliza pia kama mashuka na taulo yamo, nyingi wanatoza pembeni. Julai na Agosti wanapangisha Jumamosi hadi Jumamosi, Juni bado wanakubali siku chache.

MamaNasra

Jamani nashukuru mno, nimesoma kila mstari na nimemsomea mume wangu kwa sauti. Alinyamaza kidogo pale kwenye makaburi. Mama mkwe ndiye aliyefunga mjadala, kasema yeye lazima afike akawasomee, Paris ataiona kwenye televisheni.

Tumefikia hapa: Amboise siku nne, tunaingia Alhamisi ili tupate gulio mara mbili, Ijumaa na Jumapili. Jumatatu tunaondoka asubuhi, usiku wa mwisho tunalala Paris karibu na uwanja wa ndege, na Baba Nasra jioni ile atamchukua binti mkubwa waende kwenye mnara wao. Chenonceau kwa teksi Jumamosi. Wifi atajiunga na mtoto Jumamosi jioni, alale na sisi.

Limebaki moja. Mama anataka kubeba samli, nyama ya kukaanga, dagaa, nazi na maembe ya kumpelekea bintiye. Nimwambieje?

Faili_na_Muhuri

Samli na nyama aache nyumbani. Nyama na maziwa na vinavyotokana nayo haviingii Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri, watavitupa mbele yake na anaweza kutozwa faini. Dagaa sawa, samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu. Nazi ruksa: nazi, ndizi, nanasi na tende ni katika matunda machache yasiyodaiwa cheti cha afya ya mimea. Maembe yanadaiwa, kwa hiyo hapana.

Binti_Mkunazini

Maembe ayatengeneze achari, atie chupani, afunge sawasawa, aweke begi kubwa la chini. Na mbuzi ya kukunia nazi mwambie asiibebe mkononi ndani ya ndege, ile meno watamnyang'anya. Nayo iende begi la chini.

MwanaBukavu

Kama Chenonceau ni Jumamosi, teksi muiite mapema iwachukue saa mbili na nusu, mfike geti likifunguliwa. Mabasi ya watalii huanza kumwagika kuanzia saa nne. Ile sebule ndefu iliyojengwa juu ya mto Cher muivuke kabla hawajafika: Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa hospitali ya majeruhi, na vya Pili mto ulikuwa mpaka, mlango wa huku kwa Wajerumani, mlango wa kule upande huru, watu walikuwa wanatorokea humo. Na mwambie mama, ile yote ni tambarare.